Mkalimani wa Godauni la Alizeti

Mimi Kihindi sikijui. Naanza na hilo ili anayetaka kuondoka aondoke mapema, maana watu wa Ikungi walikaa miaka miwili wananisikiliza nikitafsiri picha za Kihindi, na walipokuja kugundua walikuwa wameshalipa. Kihindi changu chote ni maneno manne niliyookota nikiwa kijana, nilipofagia duka la vitambaa la Mhindi mmoja pale Singida Mjini kwa miezi minane. Katika hayo manne, matatu nilikuwa natukanwa.

Kazi yangu hasa ilikuwa ukarani. Nilikuwa karani wa godauni la ushirika, napima alizeti na karanga, naandika stakabadhi, naamini kabisa kwamba nchi haiwezi kwenda bila mimi. Mwaka tisini na moja ikaja barua. Biashara imefunguliwa, kila mwenye lori sasa ruksa kununua alizeti, na ushirika unawashukuru watumishi wafuatao kwa utumishi wao mwema. Jina langu, Bonaventura, lilikuwa la pili. La kwanza lilikuwa la Alute, kuli wetu, mzee aliyekuwa na uwezo wa kubeba gunia na huku anakusimulia habari za ukoo wake. Nchi ikaenda bila sisi, tena haikugeuka kutuangalia.

Wenzangu waliopunguzwa walichukua kiinua mgongo wakanunua ng'ombe. Mimi nikanunua televisheni, deki na jenereta. Mke wangu Elizabeti alivizunguka vile vitu pale sebuleni, akavitazama mbele na nyuma.

"Baba Eliana, ng'ombe anazaa. Hii inazaa?"

"Inazaa watazamaji," nikamwambia.

"Haya. Siku ikizaa uniite nikamue."

Serikali ya kijiji ikanikodisha godauni lile lile nililofukuzwa. Nikaziba madirisha kwa magunia ili kuwe giza mchana, nikapanga mabenchi, jenereta nikaliweka nje nyuma ya ukuta. Mikanda nilikodi mjini, inakuja na basi Jumamosi, inarudi Jumanne. Na kwa kuwa picha zilikuwa za Kihindi na watu wangu ni wa Kinyaturu, mtu mmoja akauliza nani atawaeleza. Nikakohoa kidogo, nikasema mimi niliwahi kufanya kazi na Wahindi. Sikusema kazi gani.

Nilisimama kando ya televisheni na fimbo, kama mwalimu. Wakiongea kwa hasira, nasema wanagombea shamba. Wakiongea kwa upole, wameelewana kuhusu shamba. Tena picha sikuwahi kuitazama kabla ya watu. Petroli ilikuwa ya kutafuta kwa shida, na kuwasha jenereta ili mtu mmoja aangalie peke yake ningeonekana nimerukwa na akili. Kwa hiyo mimi na watazamaji wangu tuliiona kila picha kwa mara ya kwanza pamoja, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa naieleza.

Mambo mengine yalinishinda. Wale vijana wa Kihindi wana tabia ya kuinama na kugusa miguu ya mzee. Mara ya kwanza nilipoiona nilibabaika, nikasema, "Ameangusha shilingi." Basi, ikabidi iwe hivyo siku zote. Kwa miaka miwili vijana wa India nzima walikuwa wanaangusha shilingi miguuni kwa wazazi wao. Mzee Alute, ambaye hakukosa picha hata moja na alilia katika zote, alisema wale ni watu wazuri ila mifuko yao yote imetoboka.

Mlangoni alikaa binti yangu Eliana, miaka kumi na sita, amemaliza darasa la saba, mwembamba, mwenye kicheko cha ghafla. Hakupokea kiingilio cha mtu mzima bila kumwamkia kwanza. "Shikamoo babu. Shikamoo mama. Kiingilio chako." Watu walisema wanalipa kwa ajili ya ile shikamoo, picha ni nyongeza. Akifunga mlango alikuwa anabaki ameegemea ukuta kule nyuma, anaangalia, na mimi nilikuwa najua amesimama wapi hata gizani.

Sasa niseme la Eliana, maana ndilo lenyewe.

Eliana hatukumzaa. Alizaliwa ndani ya godauni lile lile, Julai ya sabini na saba, wakati wa mavuno. Lori lililotoka Manyoni lilisimama kwa sababu mwanamke mmoja, abiria, alishikwa na uchungu. Alute alimbeba mikononi akamwingiza ndani, tukaita akina mama, Elizabeti akiwa mmoja wao. Mtoto akazaliwa juu ya magunia matupu. Yule mama alisema anaitwa Ritha, anatoka Itigi, na baada ya hapo hakusema lolote tena. Lori lingine lilimkimbiza hospitali mjini, likarudi na habari kwamba amefariki njiani.

Mimi na Elizabeti tulikuwa na miaka minane ya ndoa na nyumba kimya. Mtoto alikuwa analia. Nikafanya kitu pekee nilichokuwa nakijua: nikamweka kwenye mizani ya alizeti, nikatoa uzito wa gunia, nikamwandikia stakabadhi. Usinicheke. Au nicheke tu, wengine wameshanicheka. Sikuwa najua namna nyingine ya kupokea kitu kikawa halali. Nilituma barua mbili Itigi, hakuna aliyejibu. Watu wa ustawi wa jamii wakaja, wakaandika yao, mtoto akabaki kwetu.

Na tangu hapo nikawa mwoga. Niliwaomba watu wa Ikungi wanyamaze, na kwa heshima ya mtoto wakanyamaza. Kijiji kizima kikajua isipokuwa mwenyewe. Elizabeti alitaka tumwambie alipoanza shule. Nikasema baadaye. Alitaka tumwambie kwenye kipaimara. Nikasema baadaye. Nilikuwa naogopa kwamba siku akijua, ataniangalia aone karani tu.

* * *

Mkanda uliokuja Jumamosi ile ya Juni, mwaka tisini na tatu, ulikuwa umeandikwa kwa mkono, na maandishi yamefutika. Jumapili baada ya misa godauni likajaa. Elizabeti alibaki nyumbani kama kawaida yake. Alute alikaa benchi la mbele na leso yake tayari mapajani. Nikawasha.

Mvua. Ngazi za mawe. Mwanamke amebeba mtoto mchanga kwenye shuka nyekundu. Akamweka pale ngazini, akambusu, akaondoka analia. Nilijua bila kugeuka kwamba Eliana ameegemea ukuta kule nyuma.

"Huyu mama," nikasema, "anampeleka mtoto kliniki."

"Mbona kamwacha?" Alute akauliza.

"Amesahau kadi nyumbani. Anaifuata."

Watu wakaridhika. Akaja mzee mmoja tajiri mwenye sharubu nyeupe, akamwokota mtoto, akaangalia huku na huku, akaingia naye kwenye gari.

"Huyu ndiye daktari," nikasema.

"Daktari anaondoka na mtoto wa watu?"

"Anakwenda kumpima uzito."

Mke wa yule mzee alimpokea mtoto akalia kwa furaha, akamkumbatia. Nikasema ni nesi. Wakaanza kuimba, na mtoto akawa anakimbia kwenye bustani, na katikati ya wimbo akawa mwanamume mwenye kifua, anaendesha pikipiki. Hapo godauni likaanza kunung'unika.

"Bona, huyu si yule mtoto?"

"Ndiye."

"Sasa mama yake je?"

"Bado anatafuta kadi."

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Nilikuwa natoka jasho mpaka fimbo inateleza. Kukawa na msichana, steringi, yaani yule kijana mwenye picha yake, akampenda, wakazunguka miti, na kwa dakika kumi nikapumzika kwa sababu mapenzi hayahitaji mkalimani. Kukawa na adui mwenye jicho moja, akapigwa kidogo akaahidi kurudi. Halafu ikaja sehemu mbaya. Yule mzee mwenye sharubu alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, aliyepatikana baadaye, kijana mmoja mwenye wivu, na siku ya sherehe akasimama mbele ya wageni wote, akamnyooshea steringi kidole, akapiga kelele. Akatoa sandukuni shuka nyekundu. Ile ile. Akamtupia usoni. Mama akaanguka. Mzee akaziba uso kwa mikono.

Hata kuku angeelewa.

"Wanagombea shuka," nikasema.

Mzee Alute akasimama. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni na alikuwa amekasirika kweli kweli.

"Bona! Mimi nimelipa! Mimi ni mtu mzima, usinifanye mtoto! Huyo kijana ameokotwa, na leo ndiyo anaambiwa! Kwa nini hutaki kusema? Kulea mtoto wa mtu ni aibu? Eliana wako si tulimpokea humu humu? Si mimi niliyembeba mama yake kwa mikono hii, nikamlaza hapo hapo ulipoweka hiyo televisheni yako? Kuna aibu gani hapo?"

Kisha akasikia alichosema. Akaziba mdomo kwa leso, akakaa taratibu.

Hakuna aliyegeuka nyuma, na ndivyo nilivyojua kwamba kila mtu alikuwa anataka kugeuka. Jenereta tu ndilo lililoendelea kuongea kule nje. Nikasikia kopo la kiingilio likiwekwa juu ya benchi, polepole, bila kulia, halafu mlango ukafunguka, mwanga ukaingia, ukafungwa.

Kwenye televisheni steringi alikuwa anatembea peke yake barabarani, na muziki umeanza. Na mimi, Mungu anisamehe, nikanyoosha fimbo, nikasema:

"Sasa anaimba."

* * *

Nilizima hapo hapo. Watu walitoka bila kudai hela zao, na hilo liliniumiza zaidi ya matusi. Nikafunga godauni, nikabeba televisheni kichwani maana sikuwa naiacha kule, nikapita nayo barabara nzima na kila aliyekuwa barazani akawa ameona kitu cha kuangalia mahali pengine.

Elizabeti na Eliana walikuwa uani wanachambua uwele kwenye ungo. Mke wangu alikuwa ameshasema yote; nililiona usoni kwake. Miaka kumi na sita ya baadaye yangu, yeye aliimaliza kwa muda wa ungo mmoja. Eliana aliinua macho.

"Shikamoo, mzee."

Sijawahi kupigwa kofi likaniingia namna ile. Alisema kwa adabu, sauti ile ile ya mlangoni. Mzee. Kama mtu yeyote aliyekuja kulipa kiingilio. Nikasema marahaba nikiwa bado na televisheni kichwani.

"Tua mzigo, Baba Eliana," Elizabeti akasema. "Utauonesha nani hapa?"

Nilitua. Nilitaka kusema neno. Mimi, mtu niliyewasemea wafalme, majambazi na mama wakwe wa Kihindi, mdomo wangu ulikuwa mtupu kabisa. Basi nikaingia ndani, nikafungua sanduku la bati, nikatoa stakabadhi. Niliona huo ndio ushahidi mzuri. Nikampa.

Alisoma polepole. Kwenye mstari wa zao, maneno "Mbegu za alizeti" yamekatwa kwa wino, yameandikwa "Mtoto, mmoja, wa kike". Uzito, kilo mbili na robo tatu. Imepokelewa kutoka kwa Ritha, wa Itigi. Daraja: la kwanza. Sahihi yangu, na muhuri wa ushirika.

"Mliniandikia stakabadhi," akasema.

"Ndiyo."

"Kama gunia."

"Si kama gunia. Gunia hatukulipa daraja la kwanza mwaka ule, mvua iliharibu..." Nikaona nilipofika.

Elizabeti alishika kichwa. "Yesu wangu. Huyu mwanamume."

Eliana hakucheka. Siku nyingine angeanguka chini kwa kucheka. Alikunja ile karatasi vizuri katika mikunjo yake ya zamani.

"Watu wote walikuwa wanajua?"

"Wakubwa," nikasema.

"Nilikuwa nawaamkia mlangoni, mmoja mmoja, na wote wanajua. Mimi tu ndiye nilikuwa mjinga."

"Mwanangu, wewe si..."

"Jumanne napanda basi la Manyoni. Kutoka pale kuna treni mpaka Itigi. Nataka kuona kama kuna mtu anayefanana na mimi."

"Halafu utarudi?"

Aliangalia uwele. "Sijui."

Hapo ndipo baba mwenye akili anamshika mwanawe mkono. Mimi nilisema, "Nauli ipo."

Aliinuka akaingia ndani. Elizabeti alipeta uwele kwa nguvu mpaka mwingine ukanirukia.

"Mtoto anauliza kama ni wako, wewe unamwambia nauli ipo. Kwa nini usimtafutie na kiti cha dirishani?"

* * *

Jumatatu ilikuwa siku ya mnada. Asubuhi Mzee Alute alikuja na kuku amemshika miguu, amevaa koti lake la kanisani. Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia.

"Nimekuja na kuku," akasema, kana kwamba kuku hajaonekana. "Mdomo huu, Bona. Nimebeba magunia miaka thelathini, neno moja limenishinda."

Eliana akatoka ndani. Alute alijikunyata ndani ya koti. Lakini Eliana alimpokea kuku, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, babu. Karibu ukae."

Akamletea kigoda na uji. Aliyevunja siri ya miaka kumi na sita akawa babu, kapewa kigoda. Mimi niliyeilinda nikawa mzee, nimesimama. Niliona wivu, nasema kweli, wivu wa kitoto kabisa, juu ya kuku mkongwe mwenye upara shingoni.

Kabla ya saa nne watu wa mnadani walikuwa wameanza kuuliza. Habari ilikuwa imefika hadi vijiji vya ndani kwamba kuna picha ya yatima, kali, ila haikuisha, na mkalimani aliiharibu. Nikamwambia Elizabeti siifungui. Nitarudisha mkanda, nitauza deki, nitanunua ng'ombe.

"Utaifungua," akasema.

"Nitasema nini mbele za watu?"

"Kilichopo pale. Nyumbani umeshindwa kuongea, miaka yote naona. Wewe huongei mpaka uwe unamsemea mtu. Basi nenda kamsemee yule mzee wa Kihindi."

Tulipogeuka, Eliana alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kopo.

"Nitakaa mlangoni leo," akasema. "Kazi ni kazi. Kesho ndiyo naondoka."

Na safari hii Elizabeti alijifunga khanga, akatufuata. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kuangalia kile kitu kisichozaa.

Lilijaa mpaka watu wakakaa chini. Walikuja wanaume wa mnadani na fimbo zao, akina mama wamebeba watoto, wengine hawakuwahi kuona televisheni maishani. Mwisho wa picha mimi nilikuwa siujui, kama wao. Sikujua kama yule kijana anarudi. Nilijua tu kwamba nyuma kule, ukutani, kuna mtu mwingine anayetaka kujua.

Mvua. Ngazi. Shuka nyekundu. Godauni zima likatega sikio nitasema nini.

"Huyu mama anamwacha mtoto wake," nikasema. "Ana shida ambazo sisi hatuzijui. Si kwamba anamchukia. Angalieni anavyomfunika."

Hakuna aliyecheka. Mzee mwenye sharubu akamwokota mtoto. "Huyu mzee na mkewe hawana mtoto. Wamekaa miaka mingi nyumba kimya. Sasa wamepata." Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, nikasingizia vumbi. Wimbo ukaimbwa, pikipiki ikaja, msichana akapendwa, mwenye jicho moja akapigwa. Ikaja sherehe, kidole, shuka. Nikasema yote. Nikasema, "Amemwambia mbele za watu kwamba ameokotwa." Mzee Alute alikuwa amefunika uso wote kwa leso lakini anachungulia pembeni.

Tukafika pale nilipozima jana. Steringi akarudi nyumbani, akafungasha begi. Wimbo ukaisha. Yule mzee akasimama mlangoni, akamzuia, akafungua mdomo. Akasema neno, na mimi nikasema.

"Anasema: mwanangu, sikukwambia kwa sababu niliogopa. Watu walidhani nakulinda wewe. Nilikuwa najilinda mimi. Siku ile ulipokuja nilikuwa karani..."

"Karani?" mtu mmoja akauliza. "Si tajiri huyu?"

"Zamani alikuwa karani," nikasema. "Anasema: nilikuwa karani, sijui kitu kingine ila kupima na kuandika. Nikakupima, nikakuandika. Nilidhani nikikuandikia karatasi yenye muhuri hakuna atakayekuja kukuchukua. Nilikaa mwaka mzima, kila lori likisimama moyo unasimama. Nilikuwa naomba barua zangu zisijibiwe. Hiyo ni dhambi, nimeiungama kwa padri, kwako sijaiungama."

Mzee wa kwenye televisheni alikuwa ameshafunga mdomo zamani. Steringi ameshampita, ameshatoka, na sasa alikuwa kiwandani mahali fulani, anapigana na watu kumi na mmoja. Mapipa yanaruka, moto unawaka. Mimi naendelea.

"Anasema: mama yako alisema maneno mawili tu, jina lake na kwao. Ningeweza kukupa hayo maneno ukiwa na miaka saba. Nikayafungia kwenye sanduku la bati."

"Bona," Alute akanong'ona, "huyo anapigwa chupa."

"Anapigwa chupa lakini anamsikia baba yake," nikasema. "Anasema: ukitaka kwenda kwa ndugu zako, nenda, ni haki yako. Usiporudi nitakaa hapa, kila basi likisimama nitatoka kuangalia, mpaka watu wachoke kunicheka. Lakini usiniite mzee. Niite mjinga, niite mwoga, vyote ni vyangu. Mzee ni mtu wa kupita tu barabarani."

Adui mwenye jicho moja akaanguka kutoka ghorofani. Nikafuta uso kwa mkono wa shati. Elizabeti, benchi la pili, alikuwa analia waziwazi, na akina mama aliokaa nao wanalia, sidhani kwa ajili ya adui.

Halafu kukawa na hospitali. Yule mzee amelala kitandani, amefungwa bandeji kichwani, sijui nani alimpiga, nilikuwa naongea. Mlango ukafunguka. Steringi akaingia, shati limechanika, damu mdomoni. Akasogea mpaka kitandani. Akainama polepole, akaigusa miguu ya yule mzee kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimeiona mara mia. Nikafungua mdomo, shilingi ikakataa kutoka.

"Shilingi tena?" mmoja wa wazoefu akauliza.

Nilisimama na fimbo yangu kama mlinzi wa benki. Kijana bado ameinama, midomo inacheza, anasema kitu, na mimi sina hata neno moja, la kweli wala la uongo.

"Anasema nini, Bona?" Alute akasihi. "Tafadhali. Anasema nini?"

Sauti ikatoka nyuma kabisa, ukutani, ile ya kuwaamkia watu mlangoni.

"Anasema: shikamoo, baba."

Godauni zima likageuka safari hii. Na mimi, kabla yule mzee wa Kihindi hajafumbua hata jicho, nikajibu kwa sauti kubwa kuliko jenereta:

"Marahaba! Marahaba, mwanangu!"

Wakacheka. Walicheka mpaka mtoto mmoja akaamka akalia. Walimcheka mkalimani anayeamkiwa na televisheni akaitikia, na Mzee Alute alicheka na kulia kwa leso hiyo hiyo moja. Kwenye kioo yule kijana alikuwa ameinuka, anaendelea kusema.

"Haya, na sasa?" Alute akamgeukia Eliana, mimi nimeshaachishwa kazi mara ya pili. "Sasa anasema nini?"

Hata gizani nilijua ameegemea wapi.

"Anasema kesho anakwenda kuwaona ndugu wa mama yake. Ataondoka na stakabadhi yake, awaoneshe. Ijumaa atarudi, na asikute mmemaliza yule kuku."

Ijumaa alirudi, na basi la saa kumi. Katika picha zote zilizotafsiriwa ndani ya godauni lile, hilo ndilo neno pekee lililokuwa sahihi.